Zamu ya Kuzama Chungu cha Shetani

Mimi, Zunilda Barraza, sijawahi kudanganywa na mwanadamu yeyote katika Caleta Ronca. Ukitaka ushahidi kamuulize marehemu mume wangu, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiniambia kila Jumapili kwamba anakwenda bondeni kumtazama shangazi yake mgonjwa, nami nikimfungia mkate wa moto ampelekee mgonjwa. Shangazi alipona vizuri. Akazaa watoto wawili, na wote wana masikio ya mume wangu. Basi tuseme nadanganywa kama watu wengine, ila siku hizi najua kabla mkate haujapoa.

Ndivyo nilivyojua kuhusu Nolberto Tapia. Alichokifanya sikukijua. Nilijua tu kwamba anasema uongo, na hilo nililijua angali ana maji ya bahari ndani ya mabuti.

Alirudi siku ile peke yake, mashua yake ya manjano ikichomoza kwenye ukungu pole pole kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Sisi wanawake tulikuwa pwani tunapasua samaki, ndege wa mwari wakigombania matumbo miguuni petu. Tukahesabu vichwa. Kwetu mwanamke huhesabu vichwa mashuani hata akiwa anacheka, hata akiwa anamsema jirani. Walikuwa wametoka wawili. Kikarudi kichwa kimoja.

Aliyekosekana alikuwa Rosamel, mtoto pekee wa shoga yangu Ercilia. Yeye alikuwa mzamiaji. Hapa tunaishi kwa konokono wakubwa wanaong'ang'ania miamba chini kabisa, na mzamiaji huwafuata huko amevaa suti ya mpira, akivuta pumzi kwa mpira mrefu wa hewa unaotoka kwenye kompresa iliyo mashuani. Juu hukaa mtu mmoja ameshika ule mpira. Huyo ndiye mapafu ya mwenzake. Wa chini akiuvuta mara moja, mambo mazuri. Akivuta mfululizo, anaomba atolewe. Mtu hampi mpira wake mtu yeyote tu. Rosamel alimpa Nolberto kwa sababu Nolberto ndiye aliyembeba siku ya ubatizo, akamjibia kwa padri kwamba atamlinda na Shetani na kazi zake zote. Kwa hiyo Nolberto na Ercilia walikuwa kompadre na komadre, na huo kwetu ni udugu unaoshinda wa tumbo moja, maana huu mtu ameuchagua mwenyewe.

"Mpira umekatwa na jabali," Nolberto alisema, angali hajaifunga mashua. "Tulikuwa Chungu cha Shetani. Nimevuta, umekuja mtupu. Nimezunguka, nimeita. Mtupu."

Ercilia alikuwa na kisu mkononi na samaki nusu. Alimalizia kumpasua yule samaki. Alimtoa matumbo, akamsuuza, akamlaza na wenzake. Kisha akaanguka, nasi tukamdaka.

Nolberto alisimulia tena mbele ya Don Fidelmo, mwenyekiti wa chama cha wavuvi. Akasimulia tena mbele ya ofisa wa bandari aliyekuja na gari. Akasimulia tena kwa padri. Mimi nilikuwepo mara zote, kwa sababu nina miguu mibovu lakini masikio mazuri, na mahali penye kifo hakuna anayemfukuza bibi kizee. Mara zote maneno yalikuwa yale yale. Mpira umekatwa na jabali, nimevuta, umekuja mtupu. Hata alipokohoa, alikohoa mahali pale pale.

Sasa nikwambie. Mtu aliyeona kitu kibaya hubabaika. Leo ataanza na mwisho, kesho atakumbuka rangi ya ndege. Alipokufa mume wangu nilisimulia wiki nzima, na kila siku alikufa namna nyingine kidogo. Anayekariri ni yule aliyetunga.

Halafu kulikuwa na hicho Chungu cha Shetani chenyewe. Kiko kusini, chini ya genge, ambako bahari huchemka mchana na usiku bila kuni. Maji huingia upande mmoja, yakazunguka, yakafyonzwa chini. Hakuna mzamiaji wa Ronca anayekwenda. Simba wa baharini wenyewe, ambao hawana akili wala watoto wa kusomesha, hupita mbali.

"Mlifuata nini huko?" Don Fidelmo aliuliza.

"Konokono, Don Fidelmo. Wakubwa kama sahani. Kijana aling'ang'ania. Unajua vijana."

Marehemu hawezi kubisha. Ndiyo maana watu wanapenda kumtwisha.

Desturi yetu ni hii. Mzamiaji asiporudi, mashua zote hupumzika siku tisa za sala, na kila siku mashua moja hutoa mzamiaji wake ashuke pale pale alipopotelea mwenzao, amtafute. Aliyekuwa ameshika mpira ndiye anayepataja mahali, na neno lake halihojiwi. Zamu hupigwa kwa kura. Mwili ukipatikana, tunashukuru. Siku tisa zikiisha bila mwili, tunakesha na nguo zake, tunaziweka kwenye jeneza, tunazika.

Lakini hiki kilikuwa Chungu cha Shetani. Wavuvi walikaa kwenye banda la chama wakitazama kofia zao, na mwishoni Don Fidelmo, mtu mwema ambaye wema wake una uvivu kidogo, alisema kile walichokuwa wakikisubiri.

"Doña Ercilia, mama yangu, utusamehe. Kumpeleka mtu kule ni kuzika wawili. Tuzike nguo. Tutafanya msiba mkubwa, chama kitatoa divai na nyama."

Wanaume wakaguna kukubali. Nilimtazama Nolberto. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua kiroba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini amechagua Chungu. Alipataja mahali ambapo hakuna mtu angekwenda kutazama.

Ila alimsahau Ercilia.

"Ruperto wangu mlinizikia nguo," Ercilia alisema. Ruperto alikuwa mumewe. Hakuinua sauti. "Shati la bluu na suruali ya Jumapili. Miaka yote hii nimekuwa napeleka maua kwa suruali. Siku ya wafu naongea na suruali, naiambia mtoto amekua, mtoto amepata kazi. Watu wanapita wananiona. Sasa mnataka nipeleke na shati la Rosamel, nivae nyeusi kwa ajili ya nguo za kufua." Akavuta pumzi. "Mimi sikuzaa shati. Nilizaa mtu. Nileteeni hata mfupa, lakini uwe wake."

Wanaume wakarudi kutazama kofia zao.

"Desturi ni desturi," nikasema mimi kutoka kwenye kona. "Au desturi ni ya bahari tulivu tu? Basi tuandike mlangoni: kufeni karibu na pwani."

"Doña Zunilda, usichochee moto," Don Fidelmo alisema.

"Moto gani, mwanangu? Mimi nimekuja kuota tu."

Wakakubali, kwa aibu. Kura ikapigwa jioni ile ile, jua lingalipo. Kwetu mwenye kuchota maharage kwenye kofia ni mwanamke mzee asiye na mashua, asiye na mume baharini, asiye na mtoto wa kiume. Yaani mimi. Maharage meupe, na jeusi moja. Jina la mashua linatajwa, mkono wangu unaingia, unatoka na harage, wote wanaona. Mashua yenye jeusi ndiyo inayoanza.

Sasa mkono wangu huu umecheza karata na mabaharia wa nchi tatu. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba ndani ya kofia mlikuwa na maharage meupe matupu, na jeusi lilikuwa limelala chini ya pete yangu ya ndoa, ambayo hatimaye ilipata kazi ya maana.

Nilichota meupe kwa mashua ya Don Fidelmo. Nikachota meupe kwa ndugu wawili wa Codoceo, mmoja wao akabusu harage. Likatajwa jina la Santa Gemita, mashua ya Nolberto. Mzamiaji wa mashua hiyo, sasa Rosamel hayupo, alikuwa Eliseo, mtoto wa Nolberto mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameoa. Nikaingiza mkono, nikaufungua mbele ya wote.

Jeusi.

Eliseo alivua kofia. "Ni haki," alisema. "Rosamel alikuwa ndugu yangu. Afadhali niwe mimi."

Nilikuwa nimepanga kwamba hapo ndipo Nolberto atapasuka. Nilikuwa nimeiona kabisa: ataanguka, atalia, atasema hapana, si huko, na mimi nitakuwa nimemtoa ukweli kama unavyomtoa konokono kwenye gamba, kwa ncha ya kisu na mzunguko mmoja. Lakini Nolberto alilitazama harage, akamtazama mwanawe, akasema, "Nitamshikia mpira mimi."

Basi.

Nilikwenda nyumbani, nikakaanga maandazi ya boga, nikayafunga kitambaani, nikaenda kwake. Alikuwa uani anakagua mpira mwingine wa hewa pima kwa pima, akiuviringisha mikononi. Yesenia, mke wa Eliseo, alikuwa anaanua nguo, tumbo mbele, miezi yake karibu kutimia.

"Nimekuletea ule," nikasema.

"Asante, Doña Zuni. Sina njaa."

"Mtu mwenye dhamiri safi hula."

"Mtu aliyefiwa hali."

"Kweli." Nikakaa juu ya ndoo. "Nolberto, mwanangu, mimi ni mzee. Ukiniambia neno leo, kesho nimelisahau. Unalo lolote?"

"Neno gani?"

"Lolote. Watu hukosea mahali. Ukungu ulikuwepo. Mtu anafikiri yuko Chungu, kumbe yuko kwingine. Nani angekulaumu?"

Aliacha kuviringisha. Niliona amefika mlangoni kabisa, mkono kwenye kitasa. Kisha Yesenia akacheka kitu na jirani upande wa pili wa ua, na mlango ukafungwa.

"Nenda kapumzike, bibi," Nolberto alisema. "Umri unakusumbua."

"Unanisumbua tangu ujana," nikasema, nikaondoka. Njiani nilijaribu kufikiria jambo la kuchekesha. Halikuja.

Asubuhi bahari ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya ya kuzuia safari, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Tulikuwa watano ndani ya Santa Gemita. Don Fidelmo alishika usukani. Nolberto alikaa na kompresa na mpira. Eliseo alikuwa kwenye suti. Ercilia, kwa sababu mama ndiye anayemwita mtoto kabla mzamiaji hajashuka. Na mimi, kwa sababu Ercilia alisema hapandi bila mimi. Nilipanda. Nisingeweza kusema sababu ya kutopanda.

Genge lilitoka kwenye ukungu, jeusi, linatiririka maji, na chini yake Chungu kinasikika kabla hakijaonekana, kinakoroma kama mlevi. Don Fidelmo alisimamisha mashua mbali kadiri ilivyowezekana, na hata hapo tulianza kuvutwa.

"Don Nolberto, alama ni zipi?" aliuliza.

"Jabali la Mtawa na mlango wa pango. Vikikaa mstari mmoja." Alijibu haraka. Hata hizo alikuwa amezitunga.

"Basi ni mbele zaidi."

"Hapa panatosha."

"Si umesema mstari mmoja?"

"Nimesema panatosha!"

Ercilia alisimama. Nilimshika sketi asije akaanguka majini. Akaita jina la mwanawe mara tatu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia chakula. Chungu kikamjibu kwa kukoroma. Eliseo akatemea mate miwani yake ya kuzamia, akaisugua, akajikinga kwa ishara ya msalaba, akakaa ubavuni mwa mashua akiwa ameyapa maji mgongo.

"Baba," alisema, "nikivuta mfululizo usingoje nivute mara ya pili."

"Sawa."

"Yesenia asiambiwe kulikuwa na mawimbi hivi."

"Sawa, mwanangu."

"Labda kesho," Nolberto akasema ghafla. "Don Fidelmo, tazama mawimbi. Kesho yatatulia."

"Kesho atakuwa ameliwa, kompadre," Ercilia alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya samaki.

"Basi nishuke mimi."

"Wewe?" Eliseo alicheka kidogo, mara ya mwisho kucheka ndani ya mashua ile. "Baba, wewe ukipanda ngazi ya kanisa unapumzika mara mbili. Washa kompresa."

Kompresa ikawashwa. Nilimtazama Nolberto usoni, nikamuomba kwa macho. Nilikuwa na neno langu tayari, nilikuwa nimelishika kwenye meno: nilitaka kusema kwamba harage lilikuwa langu, kwamba kura haikuwa kura, kwamba turudi. Nilifungua kinywa. Eliseo akajiachia nyuma, akaenda.

Mpira ukaanza kutoka mikononi mwa Nolberto. Pima moja. Nyingine. Ukatoka taratibu, kisha ukakazana, kisha ukaenda wenyewe kuelekea genge, upande ambao mtu hawezi kuogelea kwa hiari yake.

Eliseo hakuvuta. Hakuwa ameomba kitu. Lakini Nolberto alisimama, akauzungusha mpira mkononi, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, akaanza kumvuta mwanawe kama anavyovutwa ng'ombe aliyetumbukia kisimani.

"Kuna nini?" Don Fidelmo alipiga kelele. "Ametoa ishara?"

"Nisaidie! Nisaidie kuvuta!"

"Ametoa ishara, Nolberto?"

"Hayupo huku! Mtoe! Rosamel hayupo huku, hakuwahi kuwa huku, mtoe mwanangu!"

Don Fidelmo aliacha usukani. Wakavuta wote wawili, na mimi na Ercilia tukavuta, mikono yetu minne ya kizee juu ya mpira ule wa baridi. Eliseo alitokea juu akikohoa, damu imemtoka puani, miwani imepinda. Alishika ubavu wa mashua kwa mikono miwili. Don Fidelmo alirudi kwenye usukani akatutoa pale, Eliseo akiburutwa ubavuni, mpaka kukoroma kukabaki nyuma yetu.

Hapo mashua ikatulia. Kompresa ilikuwa bado inanguruma. Ercilia ndiye aliyeizima.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Nolberto alikuwa amekaa chini, kati ya mizunguko ya mpira. "Pirén," alisema.

Pirén ni kijiji cha wenzetu wa kaskazini. Miamba yao wanailinda kwa bunduki, kama sisi tunavyolinda yetu, na anayeiba konokono huko anajua anachokifanya.

"Tulikuwa tunaiba," Nolberto alisema. "Wawili tulikubaliana, komadre, si mimi peke yangu. Yesenia anakaribia kujifungua, na miamba yetu ni mitupu, unajua mwenyewe. Wakatokea kwenye ukungu, mashua mbili. Wakapiga risasi hewani. Nikawasha injini. Nilitaka kusogea kidogo tu, niwatoroke, nirudi kumchukua. Na mpira... mpira ukakatika."

"Ukakatika na nini?" Eliseo aliuliza kutoka majini. Hakuwa amepanda. Alikuwa ameshika ubavu wa mashua, anamtazama baba yake kutoka chini.

"Wenyewe. Mashua ilivuta huku, yeye huku. Ukakatika wenyewe, mwanangu. Naapa kwa mjukuu wangu anayekuja."

Eliseo alipumua kwa nguvu. Niliona anataka kuamini. Hata Don Fidelmo alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa huruma, na kusema kweli mimi pia nilianza kukitafuta kitu cha kusema, kitu laini.

Ercilia alichuchumaa mbele ya Nolberto. Alimwekea mkono gotini, kama walivyokuwa wakikaa kwenye karamu.

"Kompadre, niambie kitu kimoja tu, nitakuacha. Alikuwa anajua kuna hatari? Au mauti yalimjia ghafla? Alivuta?"

"Nani?"

"Mwanangu. Kabla haujakatika. Alivuta mpira?"

Uso wa Nolberto ukalegea, machozi yakaanza kutoka. Alimshika Ercilia mkono kwa mikono yake miwili, maana hatimaye alikuwa ameulizwa kitu alichokuwa akikisikia mikononi mwake mchana na usiku, na hakikuwemo kwenye hadithi aliyoitunga.

"Alivuta, komadre," alisema. "Alivuta mfululizo, alivuta hakuachia, ulikuwa unanitoka mikononi, walikuwa wanakaribia na alikuwa ananizuia nisiende, ndiyo sababu nika—"

Akautazama mkono wake wa kulia, ule wa kushikia kisu.

"Malizia, kompadre," Ercilia alisema.